Kusoma Riwaya za Kijapani kwa Kijapani, Ukiwa Kimbwetani

Nikikaa kimbwetani na kitabu changu, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajasimama. "Hivyo vidudu unavisoma kweli, au unatutisha tu?" Mwingine huuliza kama natafuta skolashipu. Mama yangu naye, nilipokuwa likizo nyumbani Tanga, aliuliza swali zito kuliko yote: "Sasa mwanangu, hicho Kijapani kitakulisha?"

Majibu kwa ufupi: ndiyo, navisoma, tena polepole. Skolashipu sijaomba. Na kuhusu kunilisha, mama, bado. Lakini miaka mitatu ya kuhangaika na vitabu hivi imenifundisha jambo kuhusu kazi ninayoisomea, yaani ualimu, ambalo sikuliona kwenye desa lolote hapa chuoni. Nitalifikia. Kwanza nieleze lugha yenyewe inasomekaje, maana wengi wanaamini haisomeki.

Kitabu kilivyonifikia

Nikiwa kidato cha tatu, shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu wa hisabati wa kujitolea kutoka Japani. Muda wake ulipoisha aligawa vitu vyake: ndoo, jiko la mafuta ya taa, chandarua, kalamu. Mimi nilichelewa. Nikakuta kimebaki kitabu kimoja ambacho hakuna aliyekitaka, nikakibeba kwa sababu ya picha ya jaladani. Kikakaa chini ya sanduku mpaka nilipoingia chuo.

Kilikuwa Botchan, cha Natsume Soseki, toleo la watoto. Riwaya hii ilitoka mwaka 1906. Inamhusu kijana wa Tokyo, mkali na asiyejua kuficha hisia, anayepelekwa kufundisha hisabati kwenye shule ya mkoani, kisiwa cha Shikoku. Wanafunzi wanamtia adabu. Akila bakuli nne za tambi mgahawani, kesho anakuta wameshamwandika ubaoni. Akilala zamu bwenini, anakuta panzi kitandani. Soseki alikuwa anajua anachokisema: mwaka 1895 alikwenda kufundisha Kiingereza katika shule ya Matsuyama, hukohuko Shikoku. Kumbe nilikuwa na riwaya ya mwalimu mpya chini ya sanduku kabla sijajua kwamba nami nitakuwa mwalimu mpya.

Hivyo vidudu ni nini

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu inayochanganywa kwenye sentensi moja. Wa kwanza ni hiragana, wenye alama 46 za msingi. Wa pili ni katakana, nao una alama 46 kwa sauti zilezile, ila hutumika hasa kwa maneno yaliyotoka lugha nyingine. Hapa Mswahili ana bahati kubwa. Karibu kila alama ni silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Wewe uliyefundishwa kusoma kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu, umeshaelewa. Irabu ni tano, a, i, u, e, o, na matamshi yake hayako mbali na yetu. Hiragana niliimaliza kwa wiki mbili, kwenye karatasi nilizokuwa nabandika juu ya kitanda mpaka mwenzangu wa chumbani akaniomba ukuta wake.

Kazi ipo kwenye mfumo wa tatu, kanji, alama zilizotoka China. Hizi hubeba maana, na alama moja inaweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136. Usikimbie. Mtoto wa Kijapani mwenyewe, aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, hufundishwa kanji 1,026 kwa miaka sita yote ya shule ya msingi. Kwa hiyo ukijua 300 baada ya mwaka mmoja, huna sababu ya kujiona mjinga.

Tena zina mantiki yake. 木 ni mti. Iweke miwili, 林, unapata kijisitu. Iweke mitatu, 森, ni msitu. Mchore mtu pembeni ya mti, 休, maana yake ni kupumzika. 大 ni kubwa, 学 ni kusoma au elimu; ukiziunganisha, 大学, unapata daigaku, yaani chuo kikuu. Angalia: "elimu kubwa" kwao, "chuo kikuu" kwetu. Siku nilipoliona hilo nilicheka peke yangu maktaba. Na neno sensei, ambalo kila aliyetazama filamu za karate analijua, limeandikwa kwa alama mbili, "kabla" na "kuzaliwa": aliyezaliwa kabla yako. Mwalimu ni aliyekutangulia njiani.

Vitabu vya watoto huwekewa furigana, herufi ndogo za hiragana pembeni ya kanji zinazokuonyesha jinsi ya kuisoma. Waliopita madrasa watanielewa haraka: ni kama zile irabu za fataha, kasra na dhuma tunazowekewa juu na chini ya herufi tukiwa wadogo, ambazo msomaji mzoefu anaweza kusoma bila hizo. Hata kitabu chenyewe hufunguliwa kama msahafu, kwa upande ambao wengine wanauita nyuma. Mistari husimama wima na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Shangazi yangu alipokishika alikifungua sawasawa bila kuelekezwa.

Kigumu kimoja ambacho sikukitegemea: hakuna nafasi kati ya neno na neno. Mwanzoni sikuwa najua neno linaanzia wapi. Baadaye unagundua kwamba mabadiliko ya mfumo yanakusaidia: kanji mara nyingi ni mzizi wa neno, hiragana inayofuata ni viambishi.

Kiswahili kinavyosaidia

Viambishi! Hapo ndipo nilipoanza kujisikia nyumbani. Walimu wetu wa sarufi wametuchosha na kauli za kutendwa na kutendesha. Kijapani kinafanya mchezo uleule. Taberu ni kula. Tabesaseru ni kufanya mtu ale, kulisha. Tabesaserareta ni kwamba mtu alifanywa ale, alilishwa, mara nyingi kwa kulazimishwa. Kitenzi kinarefushwa mkiani, kipande kwa kipande, kama sisi tunavyotoka "kula" hadi "kulisha" hadi "kulishwa". Mwenye Kiswahili kizuri anaelewa mantiki hiyo kabla hata ya kueleza.

Kuna jambo moja lakini ambalo ni kinyume kabisa chetu. Kiswahili kinakataa mapema. Nikisema "si..." tu, umeshajua kwamba kinachokuja ni kukanusha: sikumpenda, sikuenda, sijui. Kijapani huweka kitenzi mwisho wa sentensi, na ukanushi mwisho wa kitenzi. Unasoma mistari miwili kuhusu mtu, barua na mapenzi, halafu kwenye mkia kabisa linatokea nai au nakatta, na yote uliyojenga kichwani yanageuka: hakufanya. Mwandishi mzuri anakuchezea hapo. Ukisoma tafsiri, mchezo huo umeshafanyiwa kazi na mtu mwingine.

Halafu kuna tanakali za sauti. Sisi tuna giza totoro, nyeupe pepepe, kulala fofofo, kimya ji. Waingereza hili hawana kwa wingi, na wafasiri wao huishia kueleza kwa maneno mengi. Kijapani kimejaa. Moyo unadunda dokidoki. Nyota zinang'aa kirakira. Mvua kubwa inanyesha zaazaa. Na kimya kina sauti yake, shiin. Nilipokutana na shiin sikuhitaji kamusi ya Kiingereza. Nilijiambia "kimya ji" nikaendelea.

Kwani tafsiri zina shida gani?

Hazina shida. Nisieleweke vibaya. Soseki, Kawabata, Oe, wote wamefasiriwa kwa Kiingereza na ni tafsiri zinazosomeka. Kawabata alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1968 na Oe mwaka 1994, na dunia kubwa iliwasoma kwa tafsiri. Lakini sisi tunaingia nyumbani kwa mtu kwa kupitia nyumba ya jirani. Kuna vitu jirani hawezi kutuonyesha.

Chukua neno "mimi". Mwaka 1905 Soseki alianza kuchapisha riwaya inayosimuliwa na paka, Wagahai wa Neko de Aru. Wagahai ni "mimi" la mtu mkubwa anayejiona, mheshimiwa jukwaani. Na anayelitumia ni paka wa mtaani asiye hata na jina. Kichekesho chote kinaanzia hapo. Mwaka uliofuata, msimulizi wa Botchan anajiita ore, "mimi" la kiume, la ukali, la kijiweni. Mwaka 1914, kwenye Kokoro, msimulizi anatumia watakushi, "mimi" lenye adabu. Watu watatu tofauti, na unawajua kwa neno moja kabla hawajafanya lolote. Kwa Kiingereza wote ni herufi moja tu. Kwa Kiswahili wote ni "ni-". Nimejaribu kumfasiri yule paka: "sisi wakubwa ni paka"? "Mimi mheshimiwa"? Bado sijaridhika.

Mfano ninaoupenda zaidi ni hadithi fupi ya Miyazawa Kenji, iliyotoka mwaka 1924. Miyazawa alikuwa mwalimu wa chuo cha kilimo kule Hanamaki, na alifariki mwaka 1933 akiwa hajulikani sana. Mabwana wawili wa mjini, na bunduki zao zinazometameta, wamekwenda kuwinda milimani wakapotea. Njaa inauma. Mara wanaona mgahawa mzuri katikati ya pori. Ndani hakuna mtu. Kuna milango tu, mmoja baada ya mwingine, na kila mlango una maandishi. Mojawapo linasema kwamba mgahawa huu una maagizo mengi, wageni wavumilie. Mabwana wanafurahi: kumbe wateja ni wengi! Wanaendelea. Chaneni nywele, futeni matope viatuni. Wacheni bunduki hapa. Vueni kofia na makoti. Wacheni vitu vya chuma. Jipakeni malai usoni na mikononi. Kila agizo wanalitafutia sababu nzuri: labda kuna mkubwa ndani, labda ni kwa ajili ya baridi. Mpaka mlango unaowaambia wajisugue chumvi. Hapo ndipo wanapotazamana. Maagizo hayakuwa ya wateja kuagiza chakula. Ni mgahawa ulikuwa unawaagiza wao, maana chakula ni wao.

Jina la hadithi, Chūmon no Ōi Ryōriten, linabeba siri hiyo yote. Chūmon ni agizo. Halisemi nani anamwagiza nani, na Kijapani hakikulazimishi kusema. Nilipokaa kulifasiri kwa Kiswahili nilijaribu kitenzi kwanza. "Mgahawa unaoagiza sana": siri imetoka mlangoni. "Mgahawa ambao watu huagiza sana": nimewadanganya wasomaji. Kitenzi chetu hakikubali kukaa bila mtendaji. Nikahangaika siku mbili, mpaka nikaona kwamba nomino inatosha: "Mgahawa wa Maagizo Mengi." Unaagiza wali mgahawani, na mama anakuagiza dukani, neno ni lilelile. Kiingereza nacho kina neno lenye sura mbili kama hilo, kwa hiyo sidai tumewashinda. Nasema tu kwamba jibu lilikuwa ndani ya Kiswahili muda wote, na nisingelitafuta kama nisingesoma asili yake.

Ninapokwama

Nisijifanye bingwa. Aya ya kwanza ya Botchan ilinichukua jioni nne. Sasa naweza kusoma kurasa tatu kwa jioni moja, zikiwa na furigana. Kokoro nimeiacha katika sehemu ya kwanza kati ya zake tatu. Kijapani cha wakati huo kina maneno ambayo hata Wajapani wa leo huwekewa maelezo. Na kamusi ninayotumia simuni imejengwa juu ya JMdict, kazi iliyoanzishwa na Jim Breen mwaka 1991. Inatoka Kijapani kwenda Kiingereza. Kwa hiyo hata nikikwepa tafsiri, jirani bado ananifungulia geti. Kuna wakati nalitafuta neno la Kijapani, nalipata la Kiingereza, kisha nalazimika kutafuta na hilo la Kiingereza.

Nilichokiona TP

Sasa nifike nilikoahidi. Mwaka jana nilipelekwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kata. Nilipewa Kiingereza, kidato cha pili. Siku ya tatu nilimsimamisha kijana mmoja asome kifungu cha habari. Alisoma vizuri mno, sauti imenyooka, vituo vyote ameviheshimu. Wenzake wakampigia makofi. Nikamwambia, "Haya, tueleze kwa Kiswahili, kimetokea nini hapo?" Akaniangalia. Darasa zima kimya ji.

Nilimjua yule kijana. Alikuwa mimi na hiragana yangu ya wiki mbili: naweza kutamka ukurasa mzima wa Botchan bila kukosea hata sauti moja, na nisijue kama mtu amekufa au ameoa. Kutamka siyo kusoma. Tofauti ni kwamba mimi nilichagua kitabu changu, na hakuna anayenipa sifuri. Yeye amehamishwa kutoka Kiswahili cha shule ya msingi, akaambiwa biolojia, historia na jiografia zote sasa ni Kiingereza.

Kwenye kozi yetu tulisoma utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000: ili mtu aelewe hadithi bila msaada, anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno. Yaani kwenye maneno 100, mageni yasizidi mawili. Nilichukua kile kifungu cha kidato cha pili, nikawaomba wanafunzi wapigie mstari maneno wasiyoyajua, bila kuandika majina. Karatasi nyingi zilirudi zimejaa mistari. Kile hakikuwa kifungu cha kusoma. Kilikuwa fumbo la kutafuta maneno.

Nikajaribu njia iliyonisaidia mimi. Wajapani wanaiita tadoku, kusoma kwa wingi. Masharti yake ni mepesi: anza na kitabu rahisi kuliko unavyodhani unastahili, usikimbilie kamusi, usipoelewa kipande, ruka, kitabu kikikushinda, kiache uchukue kingine. Niliandika kwa mkono hadithi fupi fupi kumi kwa Kiingereza chepesi, nikazitoa kopi kwa pesa ya bumu, nikawa nawapa dakika 15 mwanzo wa kipindi. Mwalimu wa somo hakufurahi. "Madamu, hizo hadithi za watoto haziko kwenye mtihani. Usiwapotezee muda." Hakuwa na ubaya, mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa mlangoni, na matokeo yakiwa mabaya ni yeye anayeulizwa. Nikapunguza, ikawa mara mbili kwa wiki.

Sitawadanganya kwamba darasa lilibadilika. Wiki nane hazibadilishi darasa. Lakini yule kijana msomaji siku moja alikuja na hadithi namba sita mkononi akasema, "Madamu, huyu mzee amewadanganya wenzake, eti?" Alikuwa amekosea kidogo, mzee ndiye aliyedanganywa. Ila alikuwa ameuliza kuhusu mzee, siyo kuhusu neno.

Ukitaka kuanza

Huhitaji pesa nyingi. Kuna maktaba ya mtandaoni inaitwa Aozora Bunko, ilianzishwa mwaka 1997, ina maelfu ya vitabu vya Kijapani ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Soseki, Miyazawa, Akutagawa na Dazai wote wamo, bure, na kwa kuwa ni maandishi matupu bando lako halitaisha. Kawabata usimtafute humo. Mwishoni mwa mwaka 2018 Japani iliongeza muda wa hakimiliki kutoka miaka 50 hadi 70 baada ya kifo cha mwandishi, naye alifariki mwaka 1972.

Anza na hiragana, wiki mbili. Katakana, wiki mbili nyingine; utafurahi kukuta shati linaitwa shatsu na basi linaitwa basu. Kisha vitabu vya watoto, vingi, vyepesi mno. Kanji zijifunze ndani ya hadithi badala ya kukariri orodha, la sivyo utakuwa kama sisi na madesa: tunazo usiku wa mtihani, asubuhi ya pili hazipo. Riwaya ije baadaye.

Na kama unaona ni jambo la ajabu Mtanzania kusoma Soseki kwa lugha yake, kumbuka kwamba kule Chuo Kikuu cha Osaka kuna wanafunzi wanaosomea Kiswahili, shahada nzima. Yupo mwenzetu huko leo, amekaa na kamusi, anahangaika na ngeli ya KI-VI ili asome riwaya zetu kama zilivyoandikwa. Sijui kama mama yake ameshamuuliza kama kitamlisha.

Jumatano jioni nakuwa vimbweta vya nyuma ya maktaba. Botchan yangu imeshachanika jalada, lakini furigana zote zinasomeka. Anayetaka aje, nitamwazima.